Hewa Ndani ya Ndege: Itokako, Ipitako na Haki ya Abiria Kuuliza



Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, hili la hewa huja kwa sura nyingi. Mmoja huuliza iwapo ni kweli kwamba abiria mia mbili hufungiwa ndani na kuvuta pumzi ileile kutoka Dar es Salaam mpaka Mumbai. Mwingine ameona kitu cheupe mfano wa moshi kikishuka juu ya dirisha kabla ndege haijaondoka, naye akasali sala zake zote. Wa tatu ana mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu. Ameambiwa asimpandishe ndege, lakini hakuelezwa sababu. Tumeona ni vyema maswali haya tuyajibu mahali pamoja, na tuanze kwa kueleza namna hewa hiyo inavyopatikana, maana bila hilo majibu mengine hayatakuwa na pa kusimama.

Ndege kubwa ya jeti husafiri katika kimo cha mita 9,000 hadi 12,000. Kilimanjaro, mlima wetu mrefu kuliko yote barani, una mita 5,895. Abiria anayekula wali wake kwenye kimeza cha kukunjwa yuko karibu mara mbili ya kilele cha Uhuru. Huko nje baridi hufika nyuzi 50 chini ya sifuri, na mgandamizo wa hewa ni kama robo tu ya ule uliopo pwani. Mtu aliyefikishwa huko ghafla bila msaada hupoteza uwezo wa kujiokoa kwa muda usiozidi dakika moja. Ndege haiwezi kubeba mitungi ya hewa ya kuwatosha watu wote kwa saa sita au saba. Inachofanya ni kuichukua hewa hiyohiyo nyembamba ya nje na kuikandamiza mpaka ifae kwa pumzi ya binadamu.

Katika ndege nyingi kazi hiyo hufanywa na injini. Sehemu ya mbele ya injini ya jeti ina safu za mapanga yanayozunguka kwa kasi na kuikandamiza hewa kabla haijafika mahali mafuta yanapochomwa. Hapo katikati, sehemu ndogo ya hewa hiyo huchepushwa na kuingizwa kwenye mabomba yaendayo kwa abiria. Tunalisisitiza neno “kabla”, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba hewa ya ndege ni moshi wa injini uliosafishwa. Sivyo. Hewa huchotwa mafuta yakiwa bado hayajaingia. Kwa kukandamizwa tu huwa imepata joto linaloweza kupita nyuzi 200, kama vile pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi mwa mtu anayejaza upepo, na ndiyo maana haina budi kupozwa kwanza katika mitambo iliyofichwa tumboni mwa ndege. Boeing 787, ambayo mashirika ya Air Tanzania na Kenya Airways yanayo, ina utaratibu wake: haichukui hewa ya abiria kwenye injini, bali ina mashine za umeme zinazovuta hewa ya nje na kuikandamiza zenyewe.

Hewa mpya ikishapozwa huchanganywa na hewa iliyokwisha kupita kwa abiria, aghalabu nusu kwa nusu. Hapa ndipo wasiwasi wa wengi unapozaliwa, na ni haki yao. Jeti za miaka ya 1960 zilitumia hewa ya nje peke yake. Waundaji wakaona kwamba kila hewa inayochotwa kwenye injini hugharimu mafuta, wakaanza kuirudisha sehemu ya ile iliyokwisha kutumika. Tuseme bila kuficha: uamuzi huo ulikuwa wa gharama, haukuwa wa afya. Lakini katika jeti kubwa za siku hizi hewa inayorudishwa hupitishwa kwanza kwenye kichujio cha aina ya HEPA, cha jamii ile inayotumika katika vyumba vya upasuaji, ambacho hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa mikroni 0.3. Kipimo hicho kilichaguliwa kwa kuwa chembe za ukubwa huo ndizo ngumu zaidi kuzinasa. Zilizo kubwa au ndogo kuliko hizo hunaswa kwa urahisi zaidi. Bakteria hawapiti, na virusi waliobebwa na matone ya mate hawapiti. Si kila ndege ina vichujio vya aina hiyo, hasa zilizo ndogo na za zamani, na abiria anaweza kuliuliza shirika lake jambo hilo na kutarajia jibu.

Harufu na gesi, hata hivyo, hupita kwenye vichujio vya kunasa chembe. Wazee wetu waliosafiri zamani watakumbuka safu za nyuma walizotengewa wavuta sigara, kana kwamba moshi ungeheshimu kibao. Mwaka 1992 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi wanachama ziondoe sigara katika safari za kimataifa ifikapo Julai 1996. Hakuna kichujio kilichowahi kuisaidia hewa ya ndege kuliko uamuzi ule.

Hewa iliyochanganywa huingia kwa juu, karibu na dari, hushuka mbele ya abiria, na hutolewa karibu na sakafu pembeni mwa safu ileile au ya jirani. Haisafiri kwa wingi kutoka mbele ya ndege hadi nyuma, kama wengi wanavyodhani. Hewa yote ya chumba cha abiria hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa. Yaani kila dakika mbili au tatu. Kwa kulinganisha, chumba kipya cha hospitali cha kumtenga mgonjwa wa kifua kikuu hushauriwa kibadilishwe hewa angalau mara 12 kwa saa. Kanuni za Marekani za usanifu wa ndege kubwa zinataka mtambo uweze kumpatia kila mtu karibu robo kilo ya hewa mpya kwa kila dakika. Hewa hupimwa kwa uzito kwa sababu ujazo wake hubadilika kwa kimo, nasi tumeupenda mfano huo, kwani robo kilo ya sukari kila mmoja wetu amewahi kuishika.

Je, basi mtu hawezi kuambukizwa ndani ya ndege? Anaweza. Kichujio husafisha hewa iliyokwisha kuondoka. Hakiwezi kuuwahi mkohozo wa jirani uliye naye bega kwa bega. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kuhusu kifua kikuu, huwaangalia zaidi abiria waliokaa safu ya mgonjwa na safu mbili za mbele na nyuma yake, katika safari ya saa nane au zaidi. Nao si mstari ambao maradhi hayauvuki: mnamo Machi 2003, katika safari moja ya kutoka Hong Kong kwenda Beijing iliyokuwa na mgonjwa wa SARS, watu 22 waliugua baadaye, na baadhi yao walikuwa wamekaa mbali naye. Anayekohoa na avae barakoa, au aahirishe safari kama anaweza. Mashirika nayo yanapaswa kuwarahisishia wagonjwa kubadili tarehe, maana mtu anayepoteza nauli yote kwa kusema kweli atajikaza, atameza dawa ya kikohozi na kupanda.

Sasa tufike kwenye jambo tunalotaka mlishike kuliko mengine. Yote tuliyoyasema yanahusu mtambo unaofanya kazi. Ndege ikiwa chini, injini zimezimwa, hewa hutegemea injini ndogo iliyo mkiani au gari la hewa linaloletwa na kuunganishwa kutoka nje. Injini ile ndogo ikiwa mbovu, na gari halikuletwa, chumba cha abiria hugeuka chumba cha kawaida kisicho na dirisha, chenye watu wengi kuliko darasa lolote.

Lililotokea Alaska mwaka 1977 linafundisha kuliko maelezo yetu. Jeti moja yenye watu 54 ilipata hitilafu ya injini ilipotaka kuruka, ikakaa chini saa tatu. Wengi wa abiria walibaki ndani, na muda huo mtambo wa hewa haukuwa ukifanya kazi. Kati yao alikuwamo mmoja mwenye homa ya mafua. Katika saa 72 zilizofuata, asilimia 72 ya abiria waliugua. Hawakuugulia angani, waliugulia wakiwa wamesimama ardhini, mahali ambapo mlango ungeweza kufunguliwa.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani imeyashauri mashirika yasiwaache abiria ndani ya ndege isiyo na mzunguko wa hewa kwa zaidi ya dakika 30. Nchi hiyo pia ina kanuni ya ucheleweshaji: abiria apewe nafasi ya kushuka kabla ya kupita saa tatu kwa safari za ndani na saa nne kwa zile za kimataifa, na maji na chakula vitolewe kabla ya saa mbili kwisha. Kanuni hizo ni za kwao. Lakini mapafu ya abiria aliyeketi uwanjani Dar es Salaam au Mombasa saa nane mchana, jua likiwa utosini, hayana tofauti na ya aliyeketi Chicago, na kwa joto letu nusu saa ni ndefu zaidi.

Kwa hiyo, ukiwa ndani ya ndege iliyosimama, milango imefungwa, na ukahisi hakuna upepo unaotoka kwenye vitundu vya juu ya kiti, mwite mhudumu na umuulize kwa adabu mambo mawili: je, mtambo wa hewa unafanya kazi, na kama haufanyi, tutasubiri muda gani kabla ya kufunguliwa mlango au kushushwa? Huo si ukorofi. Ni swali ambalo rubani mwenyewe anapaswa kuwa na jibu lake. Ukiwa na mtoto mchanga, mjamzito au mzee, sema hivyo waziwazi. Tumewahi kupokea malalamiko ya abiria walioketi kwenye joto karibu saa nzima bila mmoja wao kuuliza, kila mtu akimtazama mwenziwe.

Kuhusu kile cheupe mfano wa moshi: katika miji yetu ya pwani hewa ina unyevu mwingi. Mtambo unapopuliza hewa baridi sana ndani ya ndege ambayo mlango wake ulikuwa wazi, unyevu huo hugeuka ukungu, kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi kule Lushoto. Hutoka kwenye mianya ya juu ya madirisha, hauna harufu, nao hutoweka baada ya dakika chache. Moshi huwasha macho na hunuka. Ukiwa na shaka, uliza. Wahudumu wamelizoea swali hilo.

Tupande tena angani. Hata baada ya kukandamizwa, hewa ya ndani hailingani na ya pwani, kwa kuwa kuta za ndege zingehitaji kuwa nzito mno ili kuhimili tofauti hiyo. Vali iliyo nyuma ya ndege huiachia hewa itoke kwa kipimo, kama ndoo iliyotobolewa chini huku bomba likiendelea kumimina, na kwa njia hiyo mgandamizo hushikiliwa mahali pake. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika hali ya kawaida ni sawa na kukaa kwenye mwinuko wa mita 2,440, yaani juu kidogo ya mji wa Addis Ababa. Katika Boeing 787 na Airbus A350 ni kama mita 1,830, karibu zaidi na hali ya Nairobi. Mtu mwenye afya hahisi ila uchovu kidogo, na masikio kuziba ndege inapopanda au kushuka. Mama amnyonyeshe mtoto wakati wa kushuka. Kumeza huzibua masikio.

Lakini kwenye mwinuko huo kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa takriban robo ya ile ya pwani, na hapo ndipo lilipo jibu la mzazi wa mtoto mwenye selimundu. Kupungua kwa oksijeni na kukauka kwa mwili ni mambo yanayozifanya chembe za damu za mgonjwa zijikunje mfano wa mundu na kuziba mishipa. Haina maana kwamba mtoto huyo asisafiri kamwe. Ina maana kwamba daktari wake amwone kabla ya safari, anywe maji ya kutosha, na kama daktari ataona inafaa, oksijeni iombwe mapema kwa shirika la ndege. Aliyerithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu, asiye mgonjwa, kwa kawaida hapati taabu. Tahadhari hiyohiyo inamhusu mwenye upungufu mkubwa wa damu, mwenye maradhi ya mapafu au moyo, na aliyetoka kufanyiwa upasuaji hivi karibuni, kwani hewa iliyobaki mwilini hutanuka ndege inapopanda. Mashirika mengi hutaka taarifa saa 48 kabla, kwa fomu inayojazwa na daktari. Usifike uwanjani na mtungi wako wa oksijeni ukitumaini huruma. Kwa kawaida hukataliwa kwa sababu za usalama, ingawa mashine ndogo za betri zilizoidhinishwa huruhusiwa. Na wale wanaopiga mbizi Mafia au Zanzibar kwa mitungi, wakae nchi kavu saa 24 kabla ya kupanda ndege.

Hewa ya angani pia ni kavu. Unyevu wake huwa kati ya asilimia 10 na 20, kwa sababu hewa ya nje yenye baridi kali haina mvuke wa maana. Midomo itakauka, na lenzi za machoni zitakwaruza. Kunywa maji.

Mgandamizo ukipotea angani, barakoa za oksijeni hudondoka zenyewe, nazo huzalisha oksijeni kwa kiasi cha dakika 12 hadi 15, muda wa kumtosha rubani kuishusha ndege hadi kwenye hewa nzito. Mfuko wake unaweza usijae. Oksijeni inakuja hata hivyo. Vaa yako kwanza, kisha umvishe mtoto, maana ukizimia wewe hakuna atakayemsaidia. Tarehe 14 Agosti 2005, ndege ya shirika la Helios iliyotoka Larnaca, Saiprasi, kwenda Athens ilipaa swichi ya mgandamizo ikiwa imeachwa kwenye hali ya kuendeshwa kwa mkono baada ya ukaguzi wa mafundi. Kengele ya tahadhari ililia, lakini mlio wake ulifanana na wa tahadhari nyingine, na marubani wakautafsiri vibaya mpaka wakapoteza fahamu. Ndege ikaruka yenyewe hadi mafuta yalipokwisha. Watu wote 121 walikufa. Uhaba wa oksijeni hauumi. Humlegeza mtu na kumfanya ajione yuko sawa, kwa hiyo barakoa ikidondoka huo si wakati wa kutafuta simu ya kupigia picha.

Limebaki jambo la harufu. Mara chache, muhuri wa injini ukivuja, mvuke wa oili huingia kwenye hewa inayochotwa, na abiria husikia harufu wanayoifananisha na soksi chafu. Bunge la Seneti la Australia lilichunguza malalamiko ya namna hiyo kuhusu ndege za BAe 146 na kutoa taarifa mwaka 2000, na hadi leo wataalamu hawajakubaliana juu ya madhara yake ya muda mrefu. Msimamo wetu ni kwamba kutokubaliana kwao hakumwondolei abiria haki ya kusikilizwa. Ukisikia harufu hiyo, mwambie mhudumu papo hapo ili rubani ajue. Andika namba ya safari, tarehe, saa na kiti chako, utunze kipande cha tiketi, na ukiumwa kichwa au kifua baadaye, mweleze daktari ulipokuwa. Lalamiko la maandishi lianzie kwa shirika la ndege lenyewe. Usipojibiwa au usiporidhika, lipeleke kwa mamlaka ya usafiri wa anga pamoja na nakala ya barua ya kwanza. La mdomo, lililosemwa mlangoni wakati wa kushuka, halina kumbukumbu mahali popote.

Fomu za malalamiko ziko mezani karibu na mlango, na sasa tunakaribisha maswali.